UALIMU WA MICHEZO: ULIKOTOKA NA UNAKOELEKEA

Wanafunzi wa kidato cha nne, kwa kupitia mwalimu mlezi wa jarida hili, wametuletea sisi wa zamani swali fupi: je, kufundisha michezo ni kazi ya kumweka mtu mjini, au ni kazi ya kujifariji kwa yule aliyekosa nyingine? Mhariri amenitupia mimi swali hilo, nadhani kwa sababu nilisoma historia chuo kikuu, na kwa sababu katika utumishi wa serikali nimeona watu wa kada nyingi wakiajiriwa, wakipanda vyeo, wakikwama na wakistaafu. Nitajitahidi kulijibu. Lakini hapana budi nianze mbali kidogo, maana shida za kazi hii hazikuzaliwa jana. Zilizaliwa siku ile ile kazi yenyewe ilipoingia katika shule zetu.

Mazoezi ya viungo kama somo la shule yalibuniwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, na chanzo chake kilikuwa vita. Mwaka 1806 Napoleon aliwapiga Waprusi vibaya sana. Miaka mitano baadaye, mwaka 1811, mwalimu mmoja aitwaye Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi huko Hasenheide, nje kidogo ya Berlin, ili vijana wa Kijerumani wapate nguvu na moyo wa kulitetea taifa lao. Mwaka 1813 huko Stockholm, Pehr Henrik Ling naye alianzisha chuo cha kufundisha walimu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi ya Ling, yale ya kunyoosha mikono kwa hesabu, kuinama, kurudi, na kurudia tena, ndiyo yaliyosambaa katika shule na majeshi ya nchi nyingi. Sisi sote tuliopata kusimama mstarini alfajiri huku tukihesabiwa moja, mbili, tatu, nne, tumeonja mkono wa Bwana Ling bila ya kumjua.

Wajerumani walipoishika nchi yetu walikuja na desturi hiyo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na watu wa kukusanya kodi. Nidhamu yake ilikuwa ya kijeshi, na mtu aliyesimamia mwili wa mwanafunzi alikuwa mtu wa gwaride. Hakuhitajiwa kuwa msomi. Alihitajiwa kuwa na sauti, mgongo ulionyooka, na fimbo.

Visiwani mambo yalianza kwa njia nyingine. Pale Kiungani, Unguja, wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo cha vijana, wengi wao watoto waliokombolewa utumwani, na vijana hao walicheza mpira wa miguu na kriketi mwishoni mwa karne ya 19. Waliotoka Kiungani walitumwa bara kuwa walimu na makasisi, na wengine walibeba mpira pamoja na vitabu. Hapa mfundishaji hakuwa sajini. Alikuwa padri au mwalimu wa darasani, aliyevua kanzu jioni akaingia uwanjani kwa kuamini kwamba mchezo hujenga tabia njema.

Waingereza walipochukua Tanganyika waliileta imani hiyo kwa nguvu zaidi. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa ajili ya wana wa machifu, iliigizwa kwa shule za bweni za kwao Uingereza: viranja, mabweni yanayoshindana, na michezo ya jioni. Bwana mwalimu wa historia ndiye aliyekuwa refa. Halipwi senti kwa kazi hiyo, wala hadai, kwa sababu kwao ilihesabiwa kuwa wajibu wa muungwana. Kwa mazoezi ya asubuhi walikuwa na kitabu chao cha mwongozo kilichotolewa na bodi yao ya elimu mwaka 1933, na mwaka huo huo huko Leeds kikafunguliwa chuo cha Carnegie kwa ajili ya walimu wa mazoezi ya mwili. Kwa hiyo wao wenyewe, kwao, walikwisha kuanza kulifanya jambo hili kuwa taaluma. Kwetu walilileta likiwa bado ni la sajini na la muungwana.

Naomba msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo kiini cha yote nitakayosema. Tulirithi walimu wa michezo wa aina mbili. Wa kwanza alilipwa, lakini kidogo, kwa sababu alionekana hana elimu. Wa pili alikuwa na elimu, lakini hakulipwa kwa ajili ya michezo, kwa sababu ilionekana ni jambo la kujitolea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na elimu ya michezo na mshahara wa michezo kwa pamoja. Ukitazama kwa makini, ugomvi wote wa leo kuhusu kazi hii ni ugomvi wa kumtafuta mtu huyo wa tatu.

Majirani zetu wa Kenya walimkaribia mapema kuliko sisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ya huko ilikuwa na afisa wa michezo wa koloni zima, Archie Evans, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha. Mwaka 1954 wakimbiaji wa Kenya, miongoni mwao Nyandika Maiyoro wa Kisii, walikwenda Vancouver katika michezo ya Jumuiya ya Madola, na miaka miwili baadaye huko Melbourne Maiyoro akawa wa saba katika mita 5,000 za Olimpiki. Kisha alikuja mwalimu wa Kiingereza, John Velzian, aliyefundisha mazoezi ya mwili na kuwanoa wakimbiaji wa miaka ya 1960. Wilson Kiprugut alipoileta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, alikuwa askari wa jeshi. Na Kipchoge Keino, mshindi wa mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya mwili katika jeshi la polisi. Wengi humkumbuka Keino kwa mbio tu. Kazi iliyomlisha ilikuwa ni hii tunayoizungumza.

Baada ya Uhuru, sisi nasi tulilichukua jambo hili kwa uzito. Mwalimu Nyerere alipounda serikali ya Jamhuri mwezi Desemba 1962 aliweka wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Bunge likapitisha sheria namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Mashindano ya shule yakaimarika: UMISSETA kwa sekondari, na yale ya shule za msingi ambayo leo tunayaita UMITASHUMTA. Na kila shule, ya mjini na ya kijijini, ikawa na mchakamchaka wake wa alfajiri. Mchakamchaka wetu, kwa maoni yangu, ni jambo la pekee: tuliichukua hesabu kavu ya moja-mbili-tatu ya Wazungu tukaitia nyimbo, kiongozi akaimba na wengine wakaitikia, na kukimbia kukawa kama ngoma. Sijui kama Bwana Ling angekubali, lakini sisi tulikubali.

Matunda yalionekana. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaica, akaivunja na ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha, Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 na Nyambui katika mita 5,000. Mpaka leo ninapoandika, hizo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki.

Sasa tazameni maisha yao baada ya mbio, maana ndiko jibu la swali lenu lilikojificha. Nyambui alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda kusoma na kukimbia katika chuo kikuu cha El Paso, Texas. Baadaye alirudi akawa mwalimu wa riadha na kiongozi wa chama cha mchezo huo, na ujuzi wake ukamfikisha hata Brunei kufundisha. Bayi, aliyekuwa mwanajeshi, alianzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara na Kibaha. Wote wawili walikuwa na kitu kingine mkononi licha ya saa ya kupimia mbio. Hata Alphonce Simbu, aliyetutoa kimasomaso kwa kushinda marathoni ya dunia huko Tokyo mwezi Septemba 2025, ni mwanajeshi. Tangu Kiprugut hadi Simbu, miaka zaidi ya 60, jeshi ndilo limekuwa mwajiri wa uhakika wa mtu wa michezo katika sehemu zetu hizi. Nalisema hilo kwa shukrani kwa majeshi yetu, na kwa masikitiko kidogo kwa taasisi nyingine.

Katika mpira wa miguu historia imekwenda kwa njia yake. Serikali ilitafuta wataalamu wa nje, na baadhi walikuwa watu wa sifa kubwa. Bert Trautmann, yule golikipa Mjerumani wa Manchester City aliyemaliza fainali ya Kombe la FA mwaka 1956 akiwa amevunjika mfupa wa shingo, alikuja Tanzania mwaka 1975 kwa mpango wa msaada wa Ujerumani Magharibi. Alifundisha na kusomesha walimu, kisha akaenda nchi nyingine. Lakini kazi ya wazalendo nayo ilionekana. Joel Bendera alikuwa mwalimu wa Taifa Stars ile iliyofuzu kwenda fainali za Afrika za Lagos mwaka 1980. Huyu ndugu baadaye alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri aliyeshughulikia michezo, kisha mkuu wa mkoa, Morogoro na Manyara; alifariki mwaka 2017. Vijana mnaoambiwa nyumbani kwamba mtu wa mpira hafiki popote, mtajeni Bendera.

Nisiwadanganye, hata hivyo. Kwa kila Bendera mmoja wapo walimu wengi wa aina ya yule aliyetufundisha sisi katika miaka ya 1990. Simtaji jina, na sisemi ilikuwa shule gani kati ya nilizopita, lakini wenzangu wa rika langu watamkumbuka. Kwa barua ya ajira alikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa mapenzi yake alikuwa mwalimu wa riadha, mpira, wavu na hata kurusha tufe. Chokaa ya kuchora uwanja aliinunua kwa fedha zake. Nyavu za goli alizishona mwenyewe jioni, akiwa amekaa juu ya kreti la soda. Timu ilipokwenda mashindano ya kanda alilala nasi darasani juu ya mikeka, akikesha kuangalia nani ana homa. Ulipofika wakati wa kupandishwa daraja, wakubwa wake walitazama matokeo ya mtihani wa jiografia, na huko alikuwa sawa na wengine tu. Jioni zake zote, kwa miaka zaidi ya 20, hazikuwa na safu ya kujazwa katika fomu. Alistaafu mwalimu wa jiografia wa kawaida. Huyo ndiye mrithi halisi wa yule muungwana wa Kiingereza; tofauti ni kwamba muungwana alikuwa na mshahara wa kikoloni na nyumba ya bure, na yeye alikuwa na watoto sita.

Mambo yalizidi kuwa mabaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya shule yaliposimamishwa kwa muda kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi masomo. Baadaye yalirudishwa. Lakini pengo la namna hiyo halizibwi kwa waraka mmoja. Shule ambayo haina mashindano haina haja ya mwalimu wa michezo. Chuo ambacho wahitimu wake hawahitajiwi hupunguza darasa. Na kijana aliyekuwa darasa la nne wakati huo akakosa kuona mashindano, leo ni mwalimu ambaye hajui hata namna ya kupanga kupokezana vijiti. Nimekutana na walimu wa namna hiyo, watu wazuri kabisa, wanaotoa mpira kabatini, wanautupa uwanjani, kisha wanarudi ofisini kusahihisha madaftari. Hapo zamani jambo hilo tuliliita kuchunga, si kufundisha.

Hata somo lenyewe limekuwa likibadilishwa majina. Wadogo zangu walisoma Haiba na Michezo katika shule ya msingi. Lilikuwamo katika ratiba, lakini halikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na sote twajua nini hulipata somo lisilotahiniwa: kipindi chake huazimwa na hisabati, na hakirudishwi. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, imelipa jambo hili nafasi upya, michezo ikiwekwa pamoja na sanaa. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi. Katika mfumo wao mpya, sekondari ya juu ina mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa mikondo hiyo wameanza darasa la kumi Januari 2026. Kama jambo hilo litasimamiwa, shule za Kenya zitahitaji walimu wa michezo wa darasani, wenye shahada, si watu wa kupuliza filimbi tu.

Je, kwetu mtu huyo wa tatu anatengenezwa wapi? Kiko Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kiko Chuo cha Ualimu cha Butimba, kilichojulikana kwa muda mrefu kwa walimu wa michezo na sanaa. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ualimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo, ambamo mwanafunzi husoma fiziolojia, namna mwili unavyojongea, saikolojia ya mchezaji na utawala wa michezo, pamoja na mbinu za kufundisha. Anayedhani kuwa hiyo ni shahada ya kucheza, akajaribu kusoma mizunguko ya nishati katika misuli usiku wa kuamkia mtihani.

Mhitimu wa aina hiyo, kwa upande wa serikali, ana milango miwili. Wa kwanza ni ualimu. Wa pili ni uafisa michezo katika halmashauri, na tangazo la Afisa Michezo Daraja la Pili hutokea mara kwa mara katika nafasi zinazotolewa na Sekretarieti ya Ajira. Hapa nizungumze kama mtu wa ofisini. Kazi ya afisa michezo ina mshahara wa uhakika, mafao na ngazi ya kupanda, mambo ambayo mwalimu wangu wa jiografia hakuyapata kwa upande wa michezo. Udhaifu wake ni fungu la fedha. Bajeti inapopunguzwa, kalamu ya mhasibu hupita kwenye michezo kabla ya kupita mahali pengine. Afisa mwenye akili hujifunza mapema kuomba wafadhili, kuandika maombi yanayosomeka, na kumfanya mkurugenzi apende kuonekana uwanjani. Hayo hayafundishwi Malya wala Dar es Salaam, lakini ndiyo yanayotenganisha afisa anayefanya kazi na yule anayesubiri Mei Mosi.

Nje ya serikali soko kubwa ni mpira wa miguu, na huko mambo ni makali. Mwaka 1993 Abdallah Kibadeni, mzalendo, aliiongoza Simba hadi fainali ya Kombe la CAF. Ilichukua miaka 30 kwa timu yetu nyingine kufika fainali ya Afrika: Yanga mwaka 2023, chini ya Nasreddine Nabi wa Tunisia. Simba ikafuata mwaka 2025 chini ya Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Taifa Stars nayo imepitia mikononi mwa Mbrazili Marcio Maximo, Wadenishi, Mnijeria Emmanuel Amunike aliyetupeleka Misri mwaka 2019, na Mualjeria Adel Amrouche. Kisha akaja Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco, mwana wa Zanzibar. Aliipokea timu katikati ya fainali za Ivory Coast mwezi Januari 2024 mwenzake alipofungiwa. Akaifuzisha kwenda fainali za 2025. Na mwezi Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ndani, CHAN, yaliyochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Muda mfupi kabla ya safari ya fainali zenyewe, timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina.

Sina ugomvi na Gamondi, wala na kwamba timu ilivuka makundi chini yake. Nataka mwanafunzi aone tu jinsi kazi hii ilivyo. Unaweza kufanya kila ulichoagizwa, na bado barua ikaja. Katika klabu zetu kubwa mwalimu anayeanza msimu hana hakika ya kuumaliza, awe Mzungu au Mswahili. Anayetaka kazi hiyo aichukue kama mtu anayefanya biashara ya samaki wabichi: faida ipo, lakini usiweke akiba yako yote ndani ya tenga moja.

Kuna jambo moja ambalo limebadilika na ambalo huwapa wazalendo nafasi. Shirikisho la Afrika, CAF, limeweka madaraja ya leseni: D, C, B, A, na juu yake ile iitwayo Pro. Zamani mchezaji maarufu akistaafu alikabidhiwa timu siku ya pili yake. Siku hizi anaulizwa karatasi. Wapo wakongwe wanaolalamika, na nawaelewa, maana mtu aliyecheza mbele ya watu 60,000 haoni raha kukaa dawatini akichorewa pembetatu. Lakini leseni inaweza kumfikisha kijana wa kawaida, ambaye hakuwahi kucheza ligi kuu, mahali ambapo jina peke yake halingemfikisha. Ngazi za chini si za kuogopesha, na mwalimu yeyote wa shule aweza kuzianza.

Tena kuna soko jipya ambalo wazee wetu hawakuliota. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Mijini watu wameanza kusikia, hasa baada ya kupimwa sukari na shinikizo la damu. Tazameni vikundi vya jogingi vya Jumamosi asubuhi, tazameni majumba ya mazoezi yalivyojaa hata katika miji ya mikoa. Wengi wanaoyaendesha ni vijana wenye misuli na wasio na mafunzo. Mtu wa miaka 55 mwenye presha anabebeshwa vyuma kama kijana wa JKT. Hapo pana nafasi ya mtu aliyesoma. Vivyo hivyo shule za binafsi, ambazo nyingi zinataka mwalimu wa kuogelea na wa mazoezi mwenye cheti. Na kwa mabinti, ambao jarida letu la wavulana huwasahau, mlango umefunguka zaidi kuliko wakati wowote: Twiga Stars wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 na tena mwaka 2025, klabu za wanawake zinaongezeka, na wazazi wengi wangependa binti yao afundishwe na mwanamke. Mwenye dada nyumbani amfikishie habari.

Lipo swali ambalo hamkuliuliza, lakini nimelisikia katika mabweni: je, ni lazima niwe nimecheza kwa kiwango cha juu? Kwa hilo nawapelekeni Iten, Kenya. Mwaka 1976 bruda mmoja wa Ireland, Colm O'Connell, alifika katika shule ya sekondari ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea riadha. Aliingizwa katika kazi hiyo na Peter Foster, mwalimu mwenzake aliyekuwa akiwafundisha wakimbiaji wa shule. Bruda alitazama, akauliza, akaandika alichokiona. Mwanafunzi wa shule ile, Peter Rono, alishinda mita 1,500 za Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Na David Rudisha, aliyemlea tangu ujana, alikimbia mita 800 za London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mwalimu mwingine wa jiografia! Alikuwa na nini ambacho wetu hakuwa nacho? Alikuwa na shule iliyokubali kwamba kazi ya jioni ni kazi, na hakuwa na mke wala watoto wa kusomesha. Jambo la pili siwezi kuwashauri. La kwanza, wakuu wa shule wanaosoma ukurasa huu wanaweza kulifanya bila kungoja waraka.

Sasa niseme wazi kwa wale wa kidato cha nne. Kama unaipenda kazi hii, usiache masomo ya sayansi, hasa biolojia. Mlango wa sayansi ya michezo hufunguka kwa ufunguo huo. Chukua ualimu kama mguu wa kwanza, na leseni ya mchezo mmoja kama mguu wa pili, maana aliyesimama kwa leseni peke yake huanguka siku barua inapokuja, na aliyesimama kwa ualimu peke yake hubaki na chokaa yake. Jifunze huduma ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Jifunze kuandika kumbukumbu: urefu, uzito, muda, tarehe, nani aliumia na wapi. Jifunze na uamuzi, kwa sababu mwamuzi huitwa kila Jumamosi hata katika mji usio na timu ya kukuajiri.

Na wazazi wakiuliza kuhusu uzee, waambie hesabu hii. Mchezaji wa mpira akifika miaka 35 amekwisha. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Na Bruda Colm, aliyezaliwa miaka ya 1940, alikuwa bado anasimama kando ya njia ya vumbi ya Iten akiwa amepita miaka 70, saa mkononi, akiwahesabia watoto wa watu mizunguko.